Barua ya wazi kwa wakubwa wa Mtwara: mjane wa askari si mpangaji

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mstahiki Meya wa Mtwara-Mikindani, Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa, Waheshimiwa Madiwani, na Afande Kamanda wa Polisi wa Mkoa,

Shikamooni nyote, hata mlio wadogo kwangu, maana vyeo vyenu vimenizidi umri.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoanza barua zote. Nina kibanda cha stesheneri hapa mjini: kompyuta mbili, printa moja, na mashine ya fotokopi ambayo masika ikiingia hutafuna karatasi kama mbuzi. Mwaka wa kumi na tatu huu nachapa barua za watu kuja kwenu. Maombi ya viwanja, ugomvi wa mipaka, uhamisho wa walimu, vijana walionyimwa mkopo wa chuo. Lugha mnayoipenda naijua. "Kwa heshima na taadhima" hukaa juu, "ni matumaini yangu" hukaa chini, na shida ya mtu hubanwa katikati kwa mistari minne. Hii ya leo ni ya kwanza kuichapa kwa shida yangu mwenyewe, kwa hiyo shida nimeiacha ikae inavyotaka.

Ni juu ya familia za askari polisi wanaokufa kazini. Siku ya mazishi sina neno nayo. Watu wa kusini tunajua kuzika: turubai zinafika bila kuitwa, masufuria yanatoka nyumba kumi, gwaride linapangwa, bendera inalazwa juu ya jeneza, wakubwa mnakuja na bahasha ya rambirambi na kusema maneno mazuri, na naamini mengine yanatoka moyoni. Ninayotaka kuwaeleza huanza turubai zikishafunguliwa.

Mjane wa askari namtambua akiwa bado barabarani. Bahasha ya kaki ameifungia ndani ya kanga na kuikumbatia kama mtoto mchanga. Watu wengine wakija kutoa nakala za cheti cha kifo husema "mbili" au "tatu". Yeye atasema "kumi". Ameshazunguka, ameshajua kwamba kila dirisha lina njaa ya nakala yake. Humo ndani ya bahasha mna barua ya serikali ya mtaa, cheti cha kifo cha RITA, muhtasari wa kikao cha ukoo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, namba ya NIDA, picha za pasipoti zenye mandhari ya bluu, na fomu za mahakama ya mwanzo: ile namba moja ya kuomba usimamizi wa mirathi na, Mungu akijalia, ile namba nne inayosema ameteuliwa. Bila namba nne milango mingi haifunguki, hata ule wa benki alikokuwa akimsindikiza mumewe kila mwisho wa mwezi.

Sasa tazameni ulivyo mtego. Muhtasari wa kikao cha ukoo unataka saini za ndugu wa marehemu, na askari wetu wengi si wazaliwa wa huku. Kijana wa Mara anapelekwa Newala, wa Newala anapelekwa Bukoba, ndivyo jeshi linavyokwenda. Marehemu ndugu zake wako Tarime, Kasulu, Njombe. Mwili umesafirishwa kwa gharama ya Serikali, umezikwa, ndugu wamerudi mashambani. Kikao kiitishwe wapi? Nimechapa mihtasari ya vikao vilivyofanyika kwa simu, spika imewekwa juu ya meza yangu, mjane huku, mashemeji kule, mtandao unakatika kila anapofika kwenye jambo la maana. Kikao kimoja mashemeji walikubali kusaini kwa sharti kwamba pikipiki ya marehemu irudi kwao. Ilirudi.

Halafu majina. Kwenye cheti cha ndoa ni Hadija, NIDA ni Khadija, na kwenye fomu aliyoijaza marehemu siku ya kuajiriwa kaandikwa kwa jina ambalo yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimwita. Herufi moja ni safari ya kwa wakili kula kiapo, kiapo ni pesa, na pesa ndiyo anayoitafuta. Huyo tena ni yule mwenye cheti cha ndoa. Wengi huku wameolewa mbele ya shehe na mashahidi wawili, mahari ikatoka, pilau likaliwa, na habari ya karatasi ikaachwa kwenye "tutaifuata".

Haya nayajua kwa njia mbili. Kibandani ni ya pili.

Baba yangu alikuwa koplo. Alizaliwa Ujiji, jirani na Kigoma mjini inakoishia Reli ya Kati, akapangiwa wilaya moja ya mkoa wa Lindi, akamwoa mama yangu, Mmwera, na hakuhama tena. Tulikaa kota: chumba na sebule, jiko la nje la pamoja, na mwembe mmoja ambao kila mtoto wa kota aliamini ni wa kwao. Mwaka 1996, msimu wa korosho, majambazi walilivizia gari lililobeba fedha za mnunuzi. Siku hizo wanunuzi binafsi walitembea na noti kwenye magunia, mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kukusanya korosho maghalani na kuziuza mnadani, haujazaliwa. Baba alikuwa kwenye gari hilo, na bunduki yenye risasi za kuhesabu. Nilikuwa na miaka tisa. Alizikwa kesho yake, kwa kuwa Mwislamu hangojwi, na Ujiji ni mbali. Ndugu zake walipata habari kwa simu ya maandishi siku ya nne.

Mama akaingia eda. Mnaijua: miezi minne na siku kumi, mwanamke ametulia katika nyumba ya mumewe. Eda haijafika nusu, ikaja barua. Ofisi iliyoiandika sitaitaja, na aliyeisaini ameshatangulia mbele ya haki. Barua ninayo. Ni mistari sita, imechapwa kwa taipureta ambayo herufi yake ya "a" ilikuwa ikipanda kidogo juu ya wenzake. Inaanza: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Kichwa chenyewe: YAH: KUKABIDHI NYUMBA. Baba katajwa kwa namba yake ya jeshi. Mama katajwa kama "wewe". Alipewa siku kumi na nne, kwa sababu askari aliyeletwa kujaza nafasi ya baba alikuwa ameshafika na familia yake ilikuwa ikilala kwa jirani.

Barua ile haikuwa na kosa, na hilo ndilo linalonisumbua. Nyumba ni ya kazi, mwenye kazi hayupo, mwenye kazi mpya naye ana watoto. Yule mama mgeni alikuja kwanza kulia na mama yangu, ndipo wiki iliyofuata akaingiza vitanda vyake. Sikumwona mtu mbaya hata mmoja. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani.

Mjomba akaja na lori la mbao, tukahamia Mtama. Kwetu Wamwera mtoto ni wa mjomba, basi tulipokewa, hatukuulizwa tutakaa mpaka lini. Ningezaliwa na mama wa kabila ambalo mtoto ni wa baba, sijui tungelala wapi, maana upande wa baba ulikuwa Kigoma na nauli hatuna. Eda ya mama ilivunjikia juu ya lori, katikati ya magodoro. Yapo mengi yaliyompata baadaye, lakini ukimkalisha leo akueleze kifo cha mumewe, hatakuanzia na majambazi. Atasema, "Walinitoa ndani ya eda."

Pesa nazo zina habari yake. Kabla ya sheria ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ya mwaka 1999, mafao yalifuatwa Hazina, Dar es Salaam, na Dar es Salaam ya siku hizo haikuwa safari ya kulala kwenye basi. Daraja la Mkapa limefunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo ni pantoni ya Ndundu, na Rufiji ikijaa unakaa ukingoni mpaka mto utakapokuonea huruma, au unapanda meli na kutapika mpaka Magogoni. Mama alikwenda mara nne. Mara ya tatu akaambiwa faili liko Lindi. Akarudi Lindi akaambiwa limeshatumwa Dar es Salaam. Faili la baba lilisafiri kumshinda baba mwenyewe. Fedha zilitoka nikiwa darasa la saba, zikatosha bati, misumari tulikopa.

Leo makali yamepungua, lazima niseme. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma wa sasa, ilianza mwaka 2018 mifuko ilipounganishwa, ofisi zipo mikoani, mtu anaulizia kwa simu, na barabara ni lami, tukiacha ile miezi Somanga inapokatika. Ila mwanamke wa bahasha ya kaki bado ndiye tarishi wa mafao yake mwenyewe. Na nyumba bado ni ya kazi.

Nikiuliza kwa nini mji haumshiki mkono, jibu nimelisikia kwenye dirisha zaidi ya moja: "Polisi si wetu, ni wa Mambo ya Ndani." Kisheria ni kweli tupu. Halmashauri iko TAMISEMI, askari yuko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, mshahara wake haupiti kwa Mkurugenzi. Lakini alipokuwa hai hamkulisema hilo. Msimu wa korosho mlimtaka akeshe maghalani na asimame mnadani, na mnada ukifungwa, ile asilimia 3 ya ushuru wa mazao iliingia kwenye vitabu vya halmashauri, wala sikumsikia diwani akisimama kusema irudishwe Mambo ya Ndani. Ushuru wa huduma unaotoka kwenye makampuni, ya gesi yakiwemo, ni hivyohivyo. Mwenge ukipita, yeye. Mechi ikichezwa Nangwanda Sijaona, yeye yuko mgongo kwa uwanja, mpira hauoni. Akifa ndipo tunakumbuka mipaka ya wizara.

Mwenyewe hawezi kusema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imewaweka nje polisi, pamoja na JWTZ, Magereza na JKT. Mwalimu ana chama cha kumpigia kelele, muuguzi anacho, dereva wa halmashauri anacho. Askari hana, na mkewe ndiyo kabisa: hayumo kwenye orodha yoyote isipokuwa ile ya wategemezi, na hiyo nayo ina herufi iliyokosewa.

Mtasema, ni askari wangapi hao wanaouawa? Kusini kumetulia. Barabara tunayopita sote kwenda Dar es Salaam ina jibu. Januari 2015 kituo cha Ikwiriri kilivamiwa usiku, askari wawili wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Julai ya mwaka huohuo, kituo cha Stakishari, Ukonga, askari wanne na raia pamoja nao. Agosti 2016, Mbande, mbele ya benki, wanne tena. Aprili 13, 2017, Kibiti, wanane kwa mpigo, wakiwa ndani ya gari wakirudi kutoka lindo. Agosti 2021, Dar es Salaam, karibu na ubalozi wa Ufaransa, watatu na mlinzi mmoja wa kampuni. Basi la Mtwara likipita Kibiti abiria wenzangu huwa wamelala. Mimi pale usingizi haunichukui, nahesabu tu wale wanane waliacha watoto wangapi, na wangapi kati yao walikuwa kota.

Upande wa pili tuna mto Ruvuma. Tangu Oktoba 2017 moto ulipowaka Cabo Delgado, Msumbiji, askari aliyepangwa kijiji cha mpakani hana tena kesi za kuku na mbuzi peke yake. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto wakaishambulia Kitaya, hapa mkoani kwetu. Mkuu wa Jeshi la Polisi wa wakati huo alithibitisha mwenyewe. Mnaokumbuka jioni zile mnakumbuka tulivyokuwa tukiyahesabu magari ya polisi yakielekea mpakani na kusema, alhamdulillahi, wamekwenda. Ndani ya kila gari mlikuwa na baba wa watu.

Tena si risasi tu. Askari wa usalama barabarani anagongwa usiku akiwa na tochi mkononi. Gari la doria linapinduka kwenye kona. Hao husahaulika mapema zaidi, kwa sababu ajali haina adui wa kumtaja kwenye hotuba.

Lipo jambo nikiliruka mtaniona mnafiki. Mtwara na polisi hatujawahi kuwa ndugu wa kunyonya ziwa moja. Mei 2013, ilipothibitishwa bungeni kwamba bomba la gesi linakwenda Dar es Salaam, mji huu uliwaka. Ofisi zilichomwa, watu walikufa, wanajeshi wakaletwa mitaani, na wapo wazee ambao ukiitaja gesi hunyamaza kwanza. Mwaka 2022 polisi saba wa hapa walishtakiwa kwa mauaji ya kijana mfanyabiashara wa madini kutoka Nachingwea. Juni 2025 Mahakama Kuu, hapahapa Mtwara, ikawatia hatiani wawili na kuwaachia watano. Deni la familia ile lipo, na barua yangu haililipi wala hailipunguzi. Jirani yangu muuza samaki alinisoma juu ya bega nikiwa naichapa hii. Akasema, "Na hao nao unawaombea?" Nikamjibu kwamba nilikuwa na miaka tisa, sijampiga mtu kirungu. Akasonya, akaondoka, na kusema kweli sikumlaumu sana.

Siku moja biashara imelala nilikaa kusoma miji ya wenzetu inafanyaje. Detroit, Marekani, mwaka 1952, askari kijana aliuawa akaacha mke mjamzito. Mfanyabiashara wa magari, William Packer, akawaandikia barua watu mia anaofahamiana nao. Wakachanga, wakalipa madeni ya marehemu, wakamwekea fedha za shule mtoto ambaye hajazaliwa. Ikaitwa Klabu ya Mia, miji mingine ikaiga. London, mwaka 1966, askari watatu walipigwa risasi Shepherd's Bush, wananchi wakaleta fedha, ukazaliwa mfuko wa wategemezi wa polisi. Washington kuna ukuta uliozinduliwa mwaka 1991, una majina ya waliokufa kazini nchi nzima, na kila Mei majina mapya husomwa usiku, watu wameshika mishumaa. Sheria ya kuzilipa familia fedha taslimu kutoka Serikali Kuu wanayo tangu mwaka 1976. Msidhani huko ni asali tupu: wapo waliolalamika kwamba madai yao yamekaa mezani miaka. Kumbe faili husafiri hata Washington.

Ya Detroit ndiyo niliyoikalia usiku kucha, kwa kuwa ilianza na barua, na mtu wa stesheneri habari kama hiyo humuingia. Mtasema sisi si Detroit. Kweli, na tena Detroit wenyewe walitangaza kufilisika mwaka 2013, mwaka uleule wa gesi yetu, kwa hiyo suala la utajiri tuliweke pembeni. Watu mia Mtwara hawakosekani. Wapo wanaoshindana bei mnadani, wenye maghala, wenye malori yanayopanga foleni bandarini, kiwanda cha saruji, makampuni ya gesi, wenye nyumba za wageni ambazo msimu ukifika hazina hata kitanda. Mstahiki Meya, majina yao yote unayo kwenye daftari la leseni za biashara. Barua mia nachapa bure, bahasha pia natoa mimi. Neno lako tu.

Lakini fedha za kuchanga huja na kukauka, kwa hiyo ombi langu kubwa ni dogo kuliko hilo. Ndugu Mkurugenzi, unao maafisa ustawi wa jamii. Naomba mmoja wao, askari akifa kazini ndani ya mipaka yako, apewe kwa maandishi kazi ya kubeba ile bahasha. Asimwelekeze mjane aende wapi, aende naye. Akae naye kwenye benchi la mahakama ya mwanzo. Ampigie shemeji wa Tarime yeye mwenyewe, kwa sauti ya ofisi, maana shemeji akisikia anaongea na Serikali pikipiki haiombi. Agundue mapema kwamba Hadija na Khadija ni mtu mmoja, kabla dirisha la sita halijagundua. Afungue faili moja lenye nakala zote, na faili hilo lisisafiri. Gharama yake ni nauli za bodaboda na karatasi, na bei ya karatasi mnajua nani wa kumuuliza.

Afande Kamanda, kwako ni ile nyumba. Najua kota hazitoshi, najua askari mpya naye hawezi kulala kituoni na watoto. Ila pawe na kipindi ambacho barua ya kukabidhi haiandikwi kabisa: mafao hayajatoka, muhula wa shule haujaisha, eda haijaisha. Ikiwa nyumba inahitajika kesho, Manispaa impangishie mjane chumba na sebule Chuno au Magomeni kwa miezi hiyo. Kodi ya miezi sita haizidi mafuta ya msafara mmoja. Na siku ya kumweleza, aje mtu, avue viatu, akae kwenye mkeka, aseme kwa mdomo. Karatasi ifuate baadaye kama lazima iwepo. Miaka inapita na mimi bado naijua kwa moyo ile mistari sita.

Waheshimiwa Madiwani, mkiwa mnapitisha ile mikopo ya asilimia 10, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, kumbukeni kwamba kikundi ni watu mnaojuana. Mwanamke aliyeletwa mji huu na uhamisho wa mume, akakaa kota miaka miwili na majirani ambao nao wamehama, kikundi atakitoa wapi? Tafuteni namna. Sina kanuni ya kuwapa, ninyi ndio watu wa kanuni.

Na mgambo? Kijana wa kijijini anayepewa filimbi na rungu akalinde mto usiku, akifa huyo hata bahasha ya kaki mkewe hana cha kutia. Hilo ni la barua nyingine, nimeligusa ili msiseme sikuliona.

Limebaki la majina. Naliendele wamelala askari wa JWTZ waliofia Msumbiji, na kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, nchi nzima huweka mashada. Nilikwenda mara moja, makaburi yamepangwa kama yamo kwenye gwaride, nikafurahi kwa ajili ya watoto wao. Majina ya polisi waliofia mkoa huu, na wenzao wa Lindi, sijayaona yameandikwa mahali ambapo mtoto anaweza kwenda kuyagusa. Mnara siombi, minara ina zabuni. Naomba bamba moja, ukuta wowote wa mji, hata ule wa soko ambao watu wanautegemeza mabegi yao. Jina, cheo, mwaka, na alikotoka: Ujiji, Tarime, Kasulu. Watu wakiwa wanasubiri mvua ipite wasome jinsi watu walivyotoka mbali.

Kaburi la baba liko chini ya mkorosho ambao si wetu. Mwenye shamba ni mtu mwema, msimu ukiisha hulifagia pamoja na majani ya mkorosho wake. Hajui alizikwa nani pale, anajua tu kwamba ni askari.

Barua hii nimeichapa nakala tano. Nitazileta mwenyewe masijala siku ya Jumatatu, nimevaa viatu visivyoumiza, kwa sababu kusubiri kwenu nakujua. Naomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na msichana wa masijala asiniambie wino umekwisha. Wino nauza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Binti wa koplo, mchapaji, Mtwara

Nakala: Mama, Mtama. Asomewe.